Soma Mita Kabla Hujalaumu Balbu

Nyumba niliyowahi kupanga Tabata, Dar es Salaam, ilikuwa na vyumba sita, wapangaji watano na mita moja ya LUKU. Kila Jumatatu tulichanga, na kila wiki mita ilianza kulia kabla ya siku yake. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwenye simu mbili aliambiwa apunguze kuchaji. Kijana wa chumba cha nyuma, aliyekuwa akijiandaa na mtihani, aliambiwa taa yake ya usiku ndiyo inayotumaliza. Akaizima, akawa anasoma kwa tochi ya simu. Nami nilikuwa miongoni mwa waliomnyooshea kidole, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu yule kijana hakuwa na kosa lolote.

Balbu ya LED ya wati 9 inawaka saa 110 ndipo inamaliza uniti moja. Anayesoma saa nne kila usiku anakaribia mwezi mzima kwa uniti hiyo moja. Simu ndiyo kabisa: uniti moja inachaji simu ya kawaida kutoka sifuri hadi kujaa mara 40 hivi. Wakati sisi tunabishana juu ya hayo, ukumbini palisimama friji la zamani ambalo mlango wake haukushika, na mmoja wetu alikuwa akizamisha koili kwenye ndoo ya maji ya kuoga kila alfajiri. Hakuna aliyevitaja. Taa inaonekana na kila apitaye. Koili inaingia majini nyumba nzima ikiwa imelala.

Umeme wa nyumbani unaliwa na joto na baridi. Mwanga na sauti vinakula makombo. Kinachochemsha, kinachokausha, kinachonyoosha nguo na kinachogandisha ndicho cha kutazamwa kwanza, na ukivimudu hivyo vichache huna haja ya kuishi gizani.

Uniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa nzima. Geuza kifaa chako, soma kibandiko cha nyuma au cha chini, utaona wati zake. Zidisha kwa saa unazokitumia, gawanya kwa 1,000, umepata uniti. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane za usiku inakula kama nusu uniti. Hita ya bafuni ya wati 4,500, ile inayochemsha maji yakiwa yanapita, inakula nusu uniti ileile kwa dakika saba tu. Fanya hesabu hii kwa kila kifaa ulicho nacho, siku moja, kwa kalamu na karatasi. Ni kazi ya nusu saa, na utashangaa jinsi orodha yako ya watuhumiwa itakavyobadilika.

Kisha nenda kwenye mita yenyewe. Andika uniti zilizobaki saa moja jioni, andika tena saa moja asubuhi, halafu tena jioni. Siku tatu zinatosha kukuonyesha kama nyumba yako inakula mchana au usiku. Usiku ukiwa mzito kuliko ulivyotegemea, kwa kawaida ni friji, kiyoyozi au pampu ya maji. Jaribio lingine, ambalo naona kila mwenye nyumba angelifanya mara moja kwa mwaka: zima kila kitu, chomoa kila plagi, friji pia, halafu itazame ile taa ndogo nyekundu ya mita. Ikitulia, hakuna umeme unaopotea. Ikiendelea kupepesa, umeme unakwenda mahali usipopajua: labda waya uliochubuka unaogusa unyevunyevu ukutani, labda pampu ya maji uliyoisahau, labda waya wa mtu mwingine uliounganishwa kwako. Hapo mwite fundi mwenye leseni, usichokonoe mwenyewe. Umeme unaovuja unakula fedha, na siku ya mvua unaweza kuua mtu.

Jambo moja huwachanganya wengi wanapofuatilia matumizi yao. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo ununuzi wa kwanza wa mwezi huleta uniti pungufu. Ukiilinganisha tokeni ya tarehe 1 na ya tarehe 15 utadhani umeibiwa. Hesabu uniti, siyo shilingi.

Na uniti zenyewe hazina bei moja kwa wote. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa nyumbani ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na anayetumia zaidi huwekwa kwenye kundi la shilingi 292. Mteja wa kundi la chini akivuka 75, kila uniti inayozidi hutozwa shilingi 350. Kwa lugha ya dukani, elfu kumi humpatia mmoja uniti 80 na ushee, na humpatia mwenzake 28 hivi. Hakuna ujanja wa kubana matumizi unaoweza kushindana na tofauti hiyo. Kwa familia yenye kipato kidogo, kubaki chini ya 75 ndilo lengo la kushika.

Je, inawezekana? Uniti 75 kwa mwezi ni mbili na nusu kwa siku. Friji dogo lililo zima linachukua moja. Feni moja usiku kucha, nusu. Taa tano au sita za LED jioni, robo. Televisheni ya LED kwa saa tano, robo nyingine. Simu zote za nyumba, sehemu ya kumi ya uniti. Pasi kidogo. Hapo umefika mbili na robo na nyumba ina kila kitu cha lazima. Ila ukiingiza koili ya kuogea au kiyoyozi, mpango umevunjika siku hiyohiyo. Chunga pia king'amuzi: kifaa cha wati 10 kinachoachwa kimesinzia mchana na usiku hula uniti saba kwa mwezi, karibu sehemu ya kumi ya mgawo wako wote, bila wewe kutazama chochote. Kizime ukutani.

Sasa rudi kwenye nyumba za wapangaji, maana huko ndiko wakazi wengi wa mijini wanakoishi. Familia tano kwenye mita moja haziwezi kubaki chini ya 75, hata kama kila moja peke yake ingeweza. Kwa maneno mengine, wanaotumia kidogo ndio wanaonunua umeme kwa bei ya wanaotumia sana. Mwenye nyumba anayeweza kumwombea kila mpangaji mita yake TANESCO anawapa nafuu kubwa kuliko kupunguza kodi ya chumba. Kama hilo haliwezekani kwa sasa, sabmita kwa kila chumba haibadilishi bei, lakini angalau kila mtu hulipa alichotumia na maneno yanakwisha. Na kama hata sabmita ni ndoto, fanyeni tulivyofanya sisi hatimaye: daftari lililofungwa kwa kamba kando ya mita, na mchango unaofuata wati za vifaa badala ya kugawanya sawa kwa sawa. Mwenye koili alichangia zaidi, akaikubali hesabu kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Wiki mbili baadaye aliacha koili mwenyewe.

Lile friji la ukumbini lilitufundisha mengi. Chukua noti, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka bila kubisha, mpira umechoka na baridi inamwagika usiku na mchana. Mara nyingi mpira haujafa, umeganda kwa mafuta na uchafu tu: usugue kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukaushe, ujaribu noti tena. Wetu ulikuwa umepasuka kwenye kona ya chini, fundi akaweka mwingine, na wiki ile mita ililia siku moja baadaye kuliko kawaida yake.

Yapo mambo mengine ya friji ambayo watu huyafanya kinyume. Huliegemeza ukutani kabisa, au hulitandika kitambaa kirefu kinachoning'inia hadi nyuma, ilhali joto linalotolewa ndani lazima litokee huko. Acha nafasi ya kiganja nyuma na pembeni, futa vumbi kwenye yale mabomba meusi ya nyuma kila baada ya miezi michache, na usiliweke jirani na jiko wala kwenye dirisha la jua la jioni. Chakula cha moto kiache kipoe kwanza. Barafu ikizidi nusu sentimeta kwenye kuta za friza, iyeyushe kwa kuzima friji na kuacha mlango wazi. Ukiichokoa kwa kisu unaweza kutoboa bomba la gesi, na hapo umeua friji. Nyuzi 4 zinatosha kwa sehemu ya kawaida na 18 chini ya sifuri kwa friza. Kuliweka kwenye namba ya juu kabisa hakufanyi nyama idumu zaidi, kunafanya mashine isipumzike. Akina mama wanaouza barafu na maji ya baridi nyumbani wana jambo la ziada: pakiti ziingizwe kwa mafungu, maji yakiwa yamepoa kivulini, siyo zote kwa mkupuo mchana wa jua kali.

Kwenye maji ya moto, kumbuka kwamba uniti moja huchemsha lita kumi hivi, kutoka ubaridi wa kawaida wa Dar hadi kutokota. Lita unazochemsha bure ndizo fedha unazomwaga. Birika la umeme la lita moja na nusu likijazwa kwa ajili ya vikombe viwili vya chai, sehemu kubwa ya umeme wake inaishia kupoa mezani. Pima kwa kikombe. Yanayobaki yatie chupa ya chai. Na kuoga kwa maji ya moto Dar, Tanga au Mtwara naona ni mazoea kuliko haja, isipokuwa kwa mtoto mchanga, mzazi au mgonjwa: tangi la juu ya paa likishinda juani hukupa maji ya vuguvugu jioni bila senti. Njombe, Mbeya na Makete ni habari nyingine. Kule maji yanauma, na familia inayooga maji ya moto kila siku ifikirie hita ya jua ya juu ya paa, kwa sababu hita ya umeme ya wati 4,500 kwa watu watano, dakika kumi kila mmoja, inapita uniti 110 kwa mwezi. Hiyo peke yake ni mara moja na nusu ya ule mgawo wa 75.

Pasi inakula zaidi inapoanza kupata moto, kwa hiyo shati moja kila asubuhi ni ghali kuliko nguo za wiki nzima kwa kikao kimoja. Anza na zile za moto mdogo, malizia na pamba na kanzu, kisha chomoa ukibakiwa na leso na vitenge, moto uliobaki utazimaliza.

Jikoni ningependa tukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi za familia zinapoungua, na misitu pia. Kupata kilo moja ya mkaa kwa tanuri la kienyeji huchoma kilo kadhaa za kuni, na Dar es Salaam ndilo soko kubwa kuliko yote la mkaa nchini. Chukua mfano wa maharage. Maji kwenye sufuria ya wazi hayapandi zaidi ya nyuzi 100, hata ukiweka moto wa kuyeyusha chuma. Yakishatokota, moto wa ziada unatoa mvuke tu. Maharage hayaivi upesi zaidi. Kwa hiyo yaloweke tangu usiku, funika sufuria, na yakishachemka punguza mkaa au gesi hadi uone kutokota kwa utulivu. Ukifanya hayo matatu utaona tofauti kwenye gunia lako.

Hatua inayofuata ni presha kuka ya umeme. Wengi wanaiogopa wakidhani kila kinachopika kwa umeme kinafilisi, na mimi niliamini hivyo hadi niliposoma mita kabla na baada. Siri yake ni kwamba inafunga mvuke, joto ndani linapita nyuzi 100, na kuta zake hazipotezi moto, hivyo ikishapanda inajizima na kujiwasha kwa vipindi. Sufuria ya maharage ya familia inachukua nusu uniti hivi. Hata kwa bei ya juu ni chini ya shilingi 200. Linganisha na kopo la mkaa la mtaani kwako, kisha uamue. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na moyo wangu uko na lengo hilo, lakini mama anayenunua mkaa wa kupima kila siku hawezi kutoa fedha ya jiko jipya kwa mara moja. Vikundi vya kuweka na kukopa vinavyonunulia wanachama vyombo vingeweza kuanza na hiki. Asiyeweza bado, atumie jiko banifu na kapu la joto: kapu kubwa lililotandikwa blanketi kuukuu au sponji, sufuria ya wali au makande iliyokwisha kuchemka inatumbukizwa, inafunikwa kwa mto, na chakula kinamalizika kuiva chenyewe bila moto.

Kuhusu joto la nyumba, mababu wa pwani walijenga wakijua pepo mbili: kaskazi inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi inayoifuata. Madirisha yanayotazamana kaskazini na kusini huupokea upepo na hukwepa jua la asubuhi na la jioni. Kama unajenga, mwambie fundi hilo kabla ya msingi. Kama nyumba imekwisha simama, panda mti au weka kivuli upande wa magharibi, weka dari chini ya bati, na utazame nyavu za mbu. Nilipozivua zangu kuzifua, baada ya miaka miwili, ndoo ilitoka maji meusi kama ya kuoshea magari. Usiku ule nililala bila kuwasha feni. Vumbi lilikuwa limeziba vitundu vyote, nami nilikuwa nikinunua upepo uliokuwa nje ya dirisha langu bure.

Feni inapoza mtu, haipozi chumba. Ukitoka, izime. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hunywa wati 1,100 hivi kikiwa kinasukuma, sawa na feni 18 hivi. Anayelazimika kukitumia akiweke nyuzi 25 na feni juu yake, aoshe vichujio kila mwezi, afunge madirisha na azibe uwazi wa chini ya mlango. Ukinunua kipya, chagua cha inveta.

Ofisini ndiko ninakoona upotevu unaoniumiza zaidi, kwa sababu hakuna anayeuona. Nimefanya kazi kwenye chumba ambacho kiyoyozi kiliwekwa nyuzi 17 na wanawake walikuja na sweta kazini, Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Rimoti ilikaa kwa mtu mmoja. Dawa yake ni makubaliano ya kimaandishi ya nyuzi 24 au 25, na bei ya tokeni ya mwezi kubandikwa ukutani kando ya ile ya mwezi uliopita. Mtu anayenunua LUKU nyumbani kwake anajua maana ya namba zile. Ni vile tu hajawahi kuonyeshwa za kazini.

Kwa wenye biashara ndogo, kila kazi ina mlaji wake. Saluni ni madraya: mteja afutwe nywele vizuri kwa taulo kwanza, na wateja wawili wakae mfululizo draya likiwa bado la moto. Dukani ni friji la soda lenye mlango wa kioo, lililowekwa barazani jua likalipiga ili wapita njia walione. Lisogeze kivulini, bango lifanye kazi ya kuita. Fundi cherehani mwenye mota ya kizamani inayonguruma hata asiposhona, aulize mota ya servo, ambayo hutumia umeme wakati sindano inatembea tu. Viwanda na taasisi kubwa zinalipia pia kilele cha mzigo wao kwa kVA, hivyo kuwasha mashine zote saa mbili kamili asubuhi kunapandisha bili ya mwezi mzima. Zipishane.

Jenereta nalo lisionewe haya kuhesabiwa. Lita moja ya dizeli hutoa uniti tatu hivi, na jenereta kubwa linalobeba mzigo mdogo hutoa pungufu ya hapo. Gawanya bei ya lita kwa tatu, utaona kwa nini umeme ukikatika cha kwanza kuzima ni viyoyozi, wala siyo taa.

Mwisho wa siku ya kazi, mpe mtu mmoja jukumu la kuzima, kwa jina, na ikiwezekana awe mlinzi anayebaki. Apite chumba kwa chumba: kompyuta, printa, chombo cha maji ya moto na baridi, viyoyozi, taa za vyooni. Vile visivyotakiwa kuguswa, friji la dawa, seva na kamera za ulinzi, vibandikie karatasi nyekundu kwenye swichi, ili anapofika kwenye hivyo vingine asisite.